Uzito wa Alama Unapobadilika Katikati ya Muhula: Taratibu kwa Vyuo Vinavyotumia Mifumo ya Kujifunza Mtandaoni

Matokeo ya mwanafunzi wa chuo yanaweza kubadilika bila mtu yeyote kugusa karatasi yake ya majibu. Inatosha mhadhiri afungue daftari la alama katika mfumo wa kujifunza mtandaoni, aandike 20 mahali palipokuwa na 15, kisha ahifadhi. Papo hapo jumla za wanafunzi wote wa kozi hiyo hukokotolewa upya. Wapo watakaopanda daraja na wapo watakaoshuka, ilhali alama walizopata katika kila jaribio zimebaki zilezile. Kilichobadilika ni uzito, yaani sehemu ambayo kila jaribio linachangia katika alama ya mwisho.

Suala hili linagusa wananchi wengi kuliko inavyodhaniwa. Alama ya mwisho ndiyo inayoamua kama mwanafunzi ataendelea na mwaka unaofuata, atarudia mtihani au ataondolewa masomoni. Kwa wanufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), kuendelea kupata fedha nako kunategemea kufaulu. Mzazi anayepigiwa simu na mwanawe kwamba wiki iliyopita alikuwa amefaulu na leo mfumo unaonesha amefeli ana haki ya kuelewa jambo hilo linawezekanaje, na katika mazingira gani ni halali.

Vyuo vikuu kadhaa nchini, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, vinaendesha ujifunzaji wa mtandaoni kwa programu ya Moodle. Hiyo ni programu huria iliyoanzishwa na Martin Dougiamas nchini Australia, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2002. Haina ada ya leseni, na msimbo wake uko wazi kwa chuo chochote chenye wataalamu wa kuurekebisha. Maelezo yanayofuata yanatumia mifano ya Moodle kwa sababu hiyo, ingawa mambo ya msingi ni yaleyale kwa anayetumia Canvas au Google Classroom.

Uzito ni uamuzi wa sera

Nchini Tanzania mjadala kuhusu uzito wa alama ni mkongwe kuliko kompyuta za vyuoni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikosoa elimu iliyoegemeza hatima ya mwanafunzi kwenye mtihani mmoja wa mwisho. Kutokana na msimamo huo, Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, liliingiza alama za maendeleo ya darasani katika matokeo ya sekondari. Uwiano kati ya kazi za darasani na mtihani wa mwisho umebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, na kila badiliko lilibeba swali lilelile: ni juhudi ipi ya mwanafunzi inayostahili kuhesabiwa zaidi?

Tukio ambalo wengi wanalikumbuka ni la matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Baada ya matokeo hayo kutangazwa Februari 2013 na kuonesha kufeli kwa kiwango kikubwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mhe. Mizengo Pinda, aliunda Tume ya kuchunguza sababu. Mwezi Mei 2013 Serikali ilitoa kauli Bungeni kwamba matokeo hayo yanafutwa na yatapangwa upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011, kwa kuwa utaratibu mpya wa kupanga viwango vya alama ulikuwa umetumika bila maandalizi ya kutosha. Hakuna mtahiniwa aliyeandika majibu upya. Kanuni ya kuyageuza majibu hayo kuwa madaraja ndiyo iliyorudishwa kama ilivyokuwa, na maelfu ya vijana wakajikuta na matokeo tofauti.

Lile lilikuwa suala la viwango vya madaraja na lilihusu karatasi, si mtandao. Hata hivyo linaonesha kwa nini kanuni ya kukokotoa alama hupaswa kujulikana kabla ya mtihani, na kwa nini anayeibadilisha hupaswa kuwa na mamlaka ya kufanya hivyo. Tofauti ni kwamba mwaka 2013 badiliko lilipita Bungeni mbele ya taifa zima. Katika daftari la alama la mtandaoni linaweza kufanywa saa nne usiku na mtu mmoja mwenye nywila.

Katika vyuo vikuu, mgawanyo mkuu uliozoeleka ni asilimia 40 kwa kazi za muhula na asilimia 60 kwa mtihani wa mwisho, ingawa zipo kozi na vyuo vyenye mgawanyo tofauti. Mgawanyo huo huwekwa na kanuni za mitihani zinazopitishwa na Seneti ya chuo, na vyuo vyenyewe husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Mhadhiri hana mamlaka ya kuugusa. Kinachoachwa mikononi mwake, mara nyingi, ni namna zile alama 40 zinavyogawanywa ndani: jaribio la kwanza kiasi gani, la pili kiasi gani, kazi ya kikundi kiasi gani. Mgawanyo huo wa ndani huandikwa katika muhtasari wa kozi ambao wanafunzi hupewa wiki ya kwanza. Migogoro mingi huanzia hapo, kwa sababu wengi huuchukulia kama pendekezo tu.

Alama mbili zinavyotosha

Chukua kozi ambayo muhtasari wake unasema jaribio la kwanza lina uzito wa 15, la pili 15 na kazi ya kikundi 10, jumla 40. Katikati ya muhula mhadhiri anaona kazi za vikundi zimefanana mno, anashuku wanafunzi wamenakiliana, na anaamua kupunguza uzito wake hadi 5. Zile 5 zilizobaki anazihamishia jaribio la pili, ambalo sasa lina 20. Nia ni njema na jumla bado ni 40.

Mwanafunzi wa kwanza alipata asilimia 30 katika jaribio la kwanza, 40 katika la pili na 80 katika kazi ya kikundi. Kwa mgawanyo wa awali ana 4.5, 6 na 8, jumla 18.5. Kwa mgawanyo mpya ana 4.5, 8 na 4, jumla 16.5. Mtihani wa mwisho akipata asilimia 36, hiyo ni 21.6 kati ya 60. Alama yake ya mwisho ingekuwa 40.1, sasa ni 38.1.

Mwanafunzi wa pili alipata 50, 70 na 50. Awali alikuwa na 23 kati ya 40, sasa ana 24. Mtihani wa mwisho alipata asilimia 60, yaani 36. Kutoka 59 amefika 60.

Kwa kiwango cha shahada ya kwanza kinachotumika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, C huanzia 40, B huanzia 50 na B+ huanzia 60. Mwanafunzi wa kwanza ameondoka kwenye C na kuangukia D, na atafanya mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi wanauita "sapu". Wa pili amepanda kutoka B hadi B+, na wastani wake wa shahada umepanda pamoja naye. Hakuna aliyejibu swali jingine lolote. Ikiwa kweli kulikuwa na kunakiliana, mwanafunzi wa kwanza ameadhibiwa kwa kosa ambalo halijathibitishwa dhidi yake. Kanuni za mitihani zina utaratibu wake wa kushughulikia udanganyifu, na kubadilisha uzito si sehemu ya utaratibu huo.

Mabadiliko yanayotokea bila kukusudiwa

Mhadhiri aliyekaa na kuamua kubadilisha uzito angalau anajua alichofanya. Mabadiliko mengi hayaji kwa njia hiyo. Huja kama matokeo ya pembeni ya kitu kingine, na hugundulika siku wanafunzi wanapoanza kulalamika.

Njia ya kukokotoa ambayo Moodle huiweka yenyewe katika kozi mpya hugawa uzito kwa kufuata alama za juu kabisa za kila kipengele. Majaribio mawili ya alama 100 kila moja hupata nusu kwa nusu. Mhadhiri akiongeza zoezi dogo la kujipima, nalo likiwa na alama 100 kwa kuwa hicho ndicho kiwango alichokikuta, kila kimoja sasa kina theluthi. Mwanafunzi aliyekuwa na 60 na 60, akifanya zoezi hilo kwa mzaha na kupata 30, wastani wake unashuka hadi 50. Mhadhiri hakugusa uzito hata kidogo. Aliongeza zoezi tu. Dawa yake ni rahisi ikifanywa mapema: zoezi la kujipima lipewe uzito wa sifuri, au liwekwe lisihesabiwe kabisa, siku lilelile linapoundwa.

Jambo kama hilo hutokea alama ya juu ya jaribio inapobadilishwa baada ya kusahihishwa. Jaribio lilikuwa la alama 20, mhadhiri anataka liwe la 30. Mfumo utamuuliza kama alama zilizokwisha kuingizwa zipanuliwe kwa uwiano au ziachwe. Akichagua zipanuliwe, aliyekuwa na 15 kati ya 20 atakuwa na 22.5 kati ya 30, na asilimia yake itabaki 75. Akichagua ziachwe, mwanafunzi huyo atakuwa na 15 kati ya 30. Nusu! Vilevile, uzito wa jaribio hilo ndani ya fungu lake utaongezeka katika hali zote mbili, isipokuwa kama uzito ulikuwa umewekwa kwa mkono. Swali hilo moja dogo kwenye skrini linastahili kusomwa mara mbili.

Mkanganyiko wa tatu hauhusu uzito moja kwa moja, lakini kwa mwanafunzi unaonekana vilevile. Moodle inaweza kuamriwa isihesabu vipengele ambavyo mwanafunzi bado hana alama, na kwa kawaida ndivyo inavyokuwa tangu mwanzo. Aliyepata 70 katika jaribio la kwanza na kukosa la pili ataona jumla ya 70 muhula mzima na kuamini mambo ni mazuri. Siku mhadhiri anapojaza sifuri kwa wote waliokosa, au anapoondoa agizo hilo, jumla hiyo inakuwa 35. Mwanafunzi atasema alama zake zimeibiwa, na ni vigumu kumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba ile 70 ilikuwa ni ya nusu ya kazi. Vyuo vingefanya vyema kuamua jambo hili kwa kozi zote badala ya kuliacha kwa kila mhadhiri.

Upo pia mtego wa alama zilizoandikwa kwa mkono juu ya jumla. Pale chuo kinaporuhusu, mhadhiri anaweza kuandika jumla ya fungu la kazi za muhula moja kwa moja, kwa mfano kwa mwanafunzi aliyehamia kutoka chuo kingine. Jumla iliyoandikwa hivyo haifuati tena hesabu. Uzito ukibadilishwa baadaye, wanafunzi 199 watakokotolewa upya na mmoja atabaki na jumla ya zamani. Si rahisi kuligundua hilo kwa kuangalia orodha ndefu, isipokuwa seli za namna hiyo zinaoneshwa kwa rangi tofauti na mtu amezitafuta.

Hatimaye programu yenyewe hubadilika. Njia ya kukokotoa iliyoelezwa hapo juu iliingia na toleo la 2.8 la Moodle, Novemba 2014. Marekebisho yaliyofuata mwaka 2015 yangeweza kubadilisha jumla katika kozi zilizokwisha kuwa na alama, na waandaaji walichagua njia ya tahadhari: kozi zilizoathirika ziliachwa zikikokotolewa kwa kanuni ya zamani, na mwalimu akaoneshwa tangazo hadi yeye mwenyewe akubali hesabu mpya. Huo ni mfano mzuri wa kuigwa. Idara ya TEHAMA inayopanga kuhamia toleo jipya haina sababu ya kufanya hivyo kati ya wiki ya mitihani na kikao cha Seneti. Likizo ndefu ipo.

Pale badiliko linapokuwa la lazima

Zipo sababu halali. Mnamo Machi 2020 vyuo vilifungwa kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19 na kufunguliwa Juni 1, na kalenda za masomo zikabidi kupangwa upya. Mei 12, 2024 hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na SEACOM ilidhoofisha intaneti nchini na katika nchi jirani kwa siku kadhaa. Jaribio lolote la mtandaoni lililopangwa siku hizo lilikuwa shakani. Jaribio linaweza pia kuvuja, au swali lake kuonekana lina kosa.

Katika hali hizo kinachofikiriwa haraka ni kufuta jaribio na kugawa uzito wake kwa mengine. Njia hiyo ni nyepesi kwa mhadhiri na nzito kwa baadhi ya wanafunzi. Katika mfano wa hapo juu, kazi ya kikundi ikifutwa kabisa na majaribio mawili yakapewa 20 kila moja, mwanafunzi wa kwanza anabaki na 14 kati ya 40 badala ya 18.5. Amepoteza alama nne na nusu kwa sababu ya kitu alichokifanya vizuri. Kurudia kazi iliyoharibika, hata ikibidi iwe fupi zaidi, kunalinda mgawanyo ambao wanafunzi walijipangia tangu mwanzo. Kugawa uzito upya kubaki kuwa hatua ya mwisho.

Ikifika hapo, jambo la kwanza ni mamlaka. Mhadhiri aandike kwa Mkuu wa Idara akieleza sababu, mgawanyo wa zamani, mgawanyo mpya na wanafunzi watakaoguswa. Kikao cha Idara kiamue na kumbukumbu ziandikwe. Pale kanuni za chuo zinapotaka idhini ya ngazi ya juu zaidi, isubiriwe. Mabadiliko yanayogusa uwiano wa kazi za muhula na mtihani wa mwisho si ya Idara kabisa.

Kabla ya kikao, mhadhiri apakue daftari lote la alama katika jedwali la kompyuta. Nakala hiyo yenye tarehe ndiyo ushahidi wa hali ilivyokuwa. Katika nakala nyingine akokotoe mgawanyo mpya pembeni, bila kugusa mfumo, kisha apange wanafunzi kwa tofauti iliyotokea. Kikao kinapaswa kuoneshwa ni wangapi wanapanda daraja, wangapi wanashuka, na hasa wangapi wanavuka mstari wa 40 kwenda chini. Idara ikiambiwa tu kwamba "wastani wa darasa haubadiliki sana" itakuwa haijaambiwa chochote, kwa sababu wastani unaweza kutulia huku watu kumi wakianguka na kumi wakipanda.

Kuna njia ambayo baadhi ya Idara huipenda: kukokotoa kwa migawanyo yote miwili na kumpa kila mwanafunzi iliyo kubwa zaidi. Moodle inaruhusu fomula za aina hiyo. Katika mfano uliotolewa, wa kwanza angebaki na 40.1 na wa pili angepata 60. Hakuna anayeumia. Upo hata hivyo upinzani wa haki kutoka kwa watahini makini, kwamba alama mbili zilizopatikana kwa kanuni mbili hazipimi kitu kimoja, na kwamba njia hiyo hupandisha alama za darasa zima ikilinganishwa na darasa la mwaka uliopita. Bado, kosa linapokuwa la chuo na si la mwanafunzi, ni afadhali gharama yake ibebwe na chuo.

Uamuzi ukishatolewa, wanafunzi wote watangaziwe kwa wakati mmoja kupitia ukurasa wa kozi, kwa maandishi, na tarehe ya kuanza kutumika itajwe. Jambo hili halijitokezi lenyewe: mfumo humjulisha mwanafunzi alama ya jaribio ikitoka, lakini kwa kawaida haumwambii kwamba uzito umebadilika. Kwa muda wa kufanya badiliko, jumla zifichwe ili mwanafunzi asione tarakimu za njiani, na uzito wote wa fungu uingizwe katika ukurasa mmoja na kuhifadhiwa mara moja. Kisha daftari lipakuliwe tena na kulinganishwa na jedwali lililoidhinishwa, mwanafunzi kwa mwanafunzi. Walioandikiwa jumla kwa mkono waangaliwe mmoja mmoja. Jumla zikishathibitishwa zifungwe, ili zoezi litakaloongezwa kesho lisizisogeze.

Moodle hutunza historia ya alama na inaweza kuonesha nani alibadilisha alama ya nani, lini, kutoka ngapi hadi ngapi. Historia hiyo haiwezi kusema kwa nini. Sababu hupatikana katika kumbukumbu za kikao pekee, na bila kumbukumbu hizo mhadhiri mwadilifu na asiye mwadilifu wanafanana mbele ya mkaguzi.

Ikumbukwe pia kuwa daftari la Moodle kwa kawaida si rekodi rasmi ya matokeo. Alama huhamishiwa katika mfumo wa taarifa za wanafunzi, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huuita ARIS, na matokeo hubaki ya muda hadi yaidhinishwe na Seneti. Pengo kati ya mifumo hiyo miwili ni chanzo cha malalamiko. Uzito ukirekebishwa Moodle baada ya alama kuhamishwa, mwanafunzi ataona tarakimu mbili tofauti katika sehemu mbili za chuo kilekile. Baada ya uhamishaji, marekebisho yoyote yafuate utaratibu wa kubadilisha matokeo, na yafanyike katika mifumo yote miwili.

Mwanafunzi afanye nini

Mwanafunzi anaweza kufuatilia hesabu yake mwenyewe. Ripoti ya mtumiaji katika Moodle, pale chuo kilipoiruhusu, huonesha uzito wa kila kipengele na alama ambazo kipengele hicho kimechangia katika jumla. Ailinganishe na muhtasari wa kozi mwanzoni mwa muhula, kisha tena baada ya kila jaribio, na ahifadhi picha ya ukurasa huo ikiwa na tarehe. Zoezi hilo huchukua dakika chache na lina thamani kubwa kuliko mabishano ya kwenye makundi ya WhatsApp, ambako orodha za alama zenye majina na namba za usajili za wenzake hazipaswi kusambazwa kabisa.

Akiona tofauti, aanze kwa mhadhiri kwa lugha ya adabu na swali mahususi: muhtasari ulisema 15, ripoti inaonesha 20, badiliko hili liliidhinishwa lini? Asipojibiwa, aandike kwa Mkuu wa Idara, na baada ya hapo kuna utaratibu wa rufaa wa chuo, ambao una muda wake wa mwisho. Anayesubiri hadi muhula unaofuata anaweza kukuta mlango umefungwa. Serikali ya wanafunzi inaweza kuwasilisha malalamiko yanayohusu darasa zima. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kufahamu taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi na kuomba zirekebishwe pale zinapokuwa si sahihi. Haki hiyo haimpi mwanafunzi uwezo wa kudai alama ambayo hakuipata, lakini inampa msingi wa kuuliza jinsi tarakimu iliyoandikwa dhidi ya jina lake ilivyopatikana.

Muhula ukiisha, kozi nyingi hunakiliwa kwa ajili ya darasa linalofuata. Nakala hiyo hubeba kila kitu: mafungu, fomula, na ule uzito uliobadilishwa kwa dharura ya mwaka uliopita. Daftari la alama la kozi mpya lilinganishwe na muhtasari mpya kabla mwanafunzi wa kwanza hajaandikishwa.